Salamu kwa Waliotutenga

Tuliokuwepo asubuhi ile mbele ya ghala la pamba ni hawa, na ninawataja kama walivyokuwa wamesimama. Baba yangu, Yohana Masanja, mwinjilisti wa kanisa letu la udongo, alikuwa karibu na mlango wa ghala, mikono mitupu. Mama yangu Rebeka, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kulwa, alikuwa na mdogo wangu Kashinje mgongoni. Bibi Ngolo, mama mzaa baba, alikuwa ameketi juu ya jiwe kwa sababu ya miguu yake. Dada yangu Doto alishika ndoo. Kulwa, pacha wa Doto na kaka yetu mkubwa, hakuwa upande wetu. Alikuwa kwenye mstari wa wanaume wenye mishale. Mbele ya mstari huo alikuwa Mzee Luhende, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa walinzi wa kijiji, mjomba wa Mama, kwa hiyo kwangu mimi ni babu. Pembeni yake alisimama Machiya, katibu wake. Mke wa Mzee Luhende, Bibi Minza, alikuwa na wanawake wengine upande wa kivuli. Na mimi Shija, niliyezaliwa nyuma ya mapacha kama jina langu linavyosema. Wengine walikuwa wengi, na majina yao ninayo yote, lakini hao wanatosha kwa habari hii.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita wenye barabara walikuwa wanachemsha lami mbele ya nyumba ya mwanangu, hapa Geita ninakoishi sasa. Wajukuu wakafurahi, wakakimbia kwenda kutazama lile pipa. Mimi nilishindwa kunywa chai. Lami ile inanuka kama chungu cha sumu ya mishale kilichochemka nyuma ya nyumba ya Mzee Luhende nikiwa mtoto. Harufu nzito, chungu, inashika kooni. Nikakaa kitandani, na kila kitu kikanijia, mpaka rangi ya kanga ya Mama. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na bibi nimeanza kuitwa mapema kama wengi wetu wa huku, lakini kalamu ninaijua. Ninawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto miaka ile vyama vingi vilipokuwa vinaanza na sungusungu wakiwa na nguvu kuliko polisi.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Tinde, ukiiacha barabara kubwa na kushuka kuelekea mtoni. Mto wenyewe ulikuwa wa mchanga. Masika unajaa, kiangazi unachimba shimo ndiyo upate maji. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kingine, watu wa lugha ile ile, ng'ombe wa aina ile ile, hata kuoana tulioana nao.

Jioni moja, wakati wa kuvuna pamba, tulisikia mwano. Ninyi mnaoujua mwano hamhitaji kuelezwa. Kwa asiyeujua, ni ukelele unaopigwa mtu akivamiwa, naye anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, mpaka nchi nzima inalia. Wezi walikuwa wamechukua ng'ombe wa Mzee Luhende wakitoka kunywa maji. Jilala, mwanawe aliyekuwa akiwachunga, walimpiga rungu la kichwa. Alibebwa kwenye machela ya fito, hajitambui. Wanaume wakafuata nyayo za ng'ombe, zikawapeleka mpaka mtoni, zikaingia mchangani, zikatokea ng'ambo kwenye malisho ya wale wenzetu. Hapo wakarudi.

Sasa, tangu enzi za babu zetu, nyayo zina taratibu zake. Zikiingia kijiji cha watu, unakwenda kuwakabidhi. Unasema, nyayo hizi zimeingia kwenu, zipokeeni. Nao wanatakiwa wazifuate wakuonyeshe zilikotokea. Wakishindwa, basi jambo ni lao. Lakini Mzee Luhende hakutaka kukabidhi nyayo. Alikuwa na mtoto amelala hasemi. Alisema, "Nyayo zimeingia kwao, hazina haja ya kupokelewa. Tutazifuata wenyewe, na mishale."

Mganga akaja kuzindika mishale ile. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameshabatizwa, Mzee Luhende akaona dawa peke yake haitoshi. Akaja kwetu na Machiya, akakaa kwenye kigoda, akapewa maji, akanywa.

"Masanja," akamwambia Baba, "mganga amemaliza kazi yake. Imebaki yako. Uje uiombee mishale."

Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliuweka chini. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, niliiona kwa macho yangu, nikasema moyoni, Baba anaogopa.

"Mjomba," akasema, "mishale siiombei."

"Huiombei?"

"Siiombei. Ninyi nitawaombea. Jilala nitamwombea usiku na mchana. Wale wa ng'ambo nao nitawaombea. Lakini nikiweka mkono juu ya mshale na kutaja jina la Yesu, halafu mshale huo ukaingia tumboni kwa mtu, nitamwambia nini?"

"Utamwambia nani? Huyo mtu?"

"Yesu."

Machiya akacheka. "Mwinjilisti anaogopa damu. Kuku wa kwake anachinjiwa na mkewe."

"Kweli kabisa," Baba akajibu. "Na supu ninakunywa."

Mzee Luhende hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu amelala pale kama gogo, wewe unaniletea mahubiri. Ukikataa kuomba, basi chukua upinde uje kama mwanaume."

"Kuja nitakuja, mjomba. Nitatembea mbele yenu nikazungumze nao. Upinde sichukui."

Ndivyo tulivyotengwa. Kesho yake filimbi ilipigwa, watu wakakusanyika, na mtemi akatoa sheria mbele ya wote, Machiya akaisoma. Nyumba ya Masanja isipewe moto, isipewe chumvi, isisaidiwe kuvuna. Mtu asiwasalimie, na wakimsalimia asiwajibu. Atakayewajibu naye yumo, ametengwa pamoja nao, mpaka mkutano mwingine wa kijiji kizima utakapokaa. Wote wakapiga makofi mara moja, kama ilivyo desturi ya kupitisha sheria, na Bibi Minza, mke wa mtemi, akapiga makofi pamoja nao huku akiangalia chini.

Mtu ambaye hajawahi kutengwa hawezi kujua. Njaa unaizoea. Chumvi ilipoisha tulikula mlenda chapwa, Bibi Ngolo akawa anasema ladha imo mawazoni. Maji tulichota mwisho, watu wote wakishaondoka, tukapata tope. Pamba yetu ilisimama shambani nyeupe, ikaanza kudondoka. Jumapili Wakristo hawakuja. Benchi zote tupu, tumekaa sisi wa nyumba moja, na Baba akapanda mbele na Biblia yake, akaanza, "Wapendwa ndugu zangu," kama vile kanisa limejaa mpaka madirishani. Alihubiri mahubiri mazima. Kisha akasoma matangazo, akasema kwaya ikutane baada ya ibada.

Kulwa akauliza, "Kwaya ni nani?"

"Wewe," Baba akasema. "Na dada yako. Usichelewe."

Mama alicheka mpaka akatokwa machozi. Mimi sikuelewa kinachochekesha.

Lakini kilichonitesa kuliko chumvi ni salamu. Mama alitoa amri. Kila tutakayekutana naye njiani tumsalimie kama zamani, kwa jina lake, kwa heshima yake, na sisi wasichana tupige magoti. Tukawa tunafanya hivyo. Unapiga magoti kwenye vumbi, unasema, "Shikamoo mama Maganga," naye anapita, kanga inakugusa usoni, hakuna sauti. Mama mwenyewe ndiye aliyeongoza. Alisimama njia ya kisimani akawa anaamkia kwa lugha yetu, "Mwangaluka, Nkamba! Mtoto amepona kikohozi? Mwangaluka, Mbuke! Naona umesuka vizuri." Wanawake wanapita kama wanapita penye kichuguu.

Doto alilia. Akasema, "Mama, kwa nini tunawaomba? Wametukataa."

"Nani anayeomba?" Mama akamgeukia. "Mimi siombi kitu. Ninapigana."

"Unapigana kwa kusalimia?"

"Sikiliza wewe. Wao wakinichukia, hiyo ni kazi yao, wataijibia wenyewe. Mimi nikianza kuwachukia, hapo wameshaingia nyumbani kwangu na kunipiga. Siku nitakayopita kwa Nkamba bila kumsalimia, siku hiyo shetani amepata pa kukaa, na akishakaa hatoki na ufagio. Kwa hiyo ninasalimia. Sisalimii kwa sababu wao ni wazuri. Wengine ni wabaya hasa! Ninasalimia ili moyo wangu ubaki wangu na wa Mungu."

Nilimwona Kulwa akisikiliza mlangoni, uso wake umekunjamana.

Mimi nilikuwa mdogo, maneno hayo yalinipita. Nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeona mganga akipita nyumba kwa nyumba na kibuyu chake siku ile anazindika mishale, na nilikuwa nimesikia kwamba dawa yake inafunga. Inafunga nini, sikujua. Basi watu walipoacha kutujibu, nikaelewa: amewafunga masikio. Hawatusikii, masikini! Tunaongea nao na dawa imeziba. Niliwaonea huruma. Na nikaona dawa yake ni ndogo, inashindwa na sauti kubwa. Kila siku nikawa naongeza sauti. Ilifika mahali nikipiga magoti mbele ya mtu, mbwa wanabweka. Mama akaniuliza, "Shija, kwa nini unapiga kelele kama wa mnadani?" Nikamwambia, "Ili wasikie." Akaniangalia, akaacha. Nadhani aliona ni imani.

Wa kwanza niliyetaka anisikie alikuwa Mzee Luhende mwenyewe. Mnajua babu na mjukuu wa kike wanavyotaniana huku kwetu. Kabla ya kutengwa, kila nikimwamkia alikuwa anajibu, "Marahaba, mke wangu! Umenipikia nini leo?" Nami namwambia nimepika mawe, au nimepika chura, naye anasema atakula hivyo hivyo maana ameshatoa ng'ombe. Bibi Minza anajifanya ana wivu, ananitisha kwa mwiko. Nilikuwa nimezaliwa nimeukuta utani huo. Sasa anapita mbele yangu kama mti unaotembea.

Kisha ikaja habari kwamba siku imepangwa. Chungu cha sumu kikachemshwa, ndiyo ile harufu. Na asubuhi yake tukaamka Kulwa hayupo, na upinde wa marehemu babu uliokuwa umetundikwa darini haupo.

Bibi Ngolo ndiye aliyesema alichojua. "Aliniambia jana. Alisema, bibi, nikienda mimi, watawafungulia ninyi. Watawapa chumvi. Nikamkataza. Hakunisikia."

Mama hakulia. Akamfunga Kashinje mgongoni. Akasema, "Twendeni wote."

"Wapi?" Doto akauliza.

"Kusalimia."

Tulipofika ghalani, mstari ulikuwa umeshapangwa. Wanaume na podo zao begani, filimbi shingoni, nyuso zimepakwa unga wa dawa. Kulwa alikuwa karibu na mwisho, upinde ule mkubwa kuliko yeye, midomo imekauka. Nawaambia ukweli, alikuwa bado mtoto. Ndevu alikuwa anazihesabu. Alituona, akageuza macho. Nikamwangalia Mama, nikaona anavyomwangalia, na hapo ndipo hata mimi mtoto nilijua kwamba kaka yangu leo anakwenda kuua mtu au kuuawa, na kwamba ikiwa ni lolote kati ya hayo, hatarudi nyumbani yule yule.

Baba akaenda akasimama mbele ya mlango wa ghala. Akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mimi nimekuja kama nilivyosema. Nitatembea mbele. Mshale wa kwanza wa ng'ambo unipate mimi, ninyi mpate nafasi ya kufikiri." Hakuna aliyemjibu. Sheria ni sheria. Machiya alitema mate pembeni.

Mzee Luhende alikuwa ameinama anafunga katambuga zake, vile viatu vya tairi. Kamba ilikuwa imemkatikia na alikuwa anahangaika nayo, anasonya. Mama akanigusa bega.

"Shija. Msalimie babu yako."

Nilikwenda. Nilipita nyuma yake, kwa sababu mbele kulikuwa na mishale. Nikapiga magoti. Sikio lake lilikuwa pale pale usawa wa mdomo wangu, sikio kubwa lenye nywele, lililofungwa na dawa. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo tumboni.

"SHIKAMOO BABU!"

Naye, ameinama vile vile, kamba mkononi, hasira zake kwenye kiatu, akajibu kama alivyonijibu siku zote za maisha yangu:

"Marahaba, mke wangu! Umenipikia nini leo?"

Jamani. Kukawa kimya. Kimya ambacho unasikia pamba ikidondoka. Mzee Luhende akaganda. Aliinua kichwa polepole, akaniona mimi nimepiga magoti, nimefurahi kupita kiasi, maana nilikuwa nimeshinda dawa.

"Nimekupikia chura!" nikamwambia.

Kule kwa wanawake Bibi Minza akapasuka. Si kucheka, ni kupasuka. "Mtemi amejibu! Enyi watu, mtemi amemjibu mke mwenzangu! Siku zote hizi mimi ananinunia, kumbe sauti anamtunzia huyu!"

Mwanaume mmoja mstarini akakohoa kuficha kicheko. Wa pili akashindwa. Halafu ukawa ni moto wa nyika. Watu waliopakwa unga wa vita wanacheka, unga unawadondoka, wengine wamejishika mbavu, wengine wameegemea pinde zao.

"Nyamazeni!" Mzee Luhende akapiga kelele.

Hakuna aliyemjibu. Akageuka. "Machiya! Panga watu!"

Machiya akaangalia mawingu.

"Machiya, nakusemesha wewe!"

Machiya alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa katibu, na sheria aliisoma yeye. Akamgeukia mtu wa jirani yake, akamwambia kwa sauti ya kuumia, "Mwambie mtemi kwamba mimi simsikii. Atakayejibu naye yumo. Ni maneno yake, si yangu. Na mtu aliyetengwa haongozi watu mpaka mkutano ukae."

Mzee Luhende alimwita mmoja, akamwita mwingine, kwa majina yao, majina ya baba zao. Wote wanaangalia chini, mabega yanatikisika. Nafikiri wengine walifurahi kupata sababu. Kwenda kuua ni rahisi ukiwa na hasira pamoja na wenzako. Ukishacheka, upinde unakuwa mzito.

Ndipo Baba akasogea. "Naam, mjomba," akasema. "Sisi tupo. Waliotengwa hawajakatazwa kujibizana."

Mzee Luhende akamgeukia. Nilidhani atampiga. Mdomo wake ukacheza, sikujua kama anataka kucheka au kulia, akakaa kwenye ngazi ya ghala, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Baba akakaa karibu naye.

"Anafumbua macho," Mzee Luhende akasema. "Tangu juzi anafumbua macho. Hanijui."

"Jilala?"

"Hanijui, Masanja. Mimi baba yake. Namwita, ananiangalia kama mgeni."

"Mlituzuia tusije kumwona," Baba akasema. Hakusema kwa kulaumu.

"Sasa atawazuia nani?" akasema mzee. "Na mimi si nimo?"

Hapo kulikuwa na kicheko tena, lakini kidogo, na chenye huruma. Mama akampa Doto mtoto, akaondoka kwenda kwa Jilala bila kusubiri kuambiwa, na Bibi Minza akaacha wanawake wenzake, akamfuata akiita, "Mama Kulwa, nisubiri!" Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akimwita Mama kwa jina lake tangu tutengwe. Naye Bibi Minza akawa ameingia kwetu, kwa sheria ya mumewe. Baada yake Nkamba, baada yake Mbuke. Walikuwa wanajitenga kwa makusudi, mmoja mmoja, mpaka upande wa waliotengwa ukawa mkubwa kuliko ule mwingine.

Baba akamwambia Mzee Luhende, "Mjomba, mimi siwezi kukuambia usiumie. Wala siwezi kukuambia wezi ni watu wazuri. Ninachokuomba ni kimoja. Twende tukabidhi nyayo kama wazee wetu walivyokabidhi. Mikono mitupu. Mimi na wewe, na wawili utakaowachagua. Wakizikataa nyayo, mimi nitasimama mbele ya watu niseme Mzee Luhende alikuwa na haki ya kuwashitaki. Lakini dhambi ya kuua usiibebe. Umeshabeba mtoto. Inatosha."

Mzee akavua podo, akaiweka kwenye ngazi ya ghala. Wanaume wakaja mmoja mmoja, wakaweka za kwao juu yake. Kulwa alikuja wa mwisho. Doto, Kashinje mgongoni, alimwendea akampa ndoo. Akamwambia, "Mama alisema ukimaliza uende kisimani. Leo tunachota mapema." Kulwa akaipokea, akaikumbatia ile ndoo tupu kifuani kama mtu anayesikia baridi, akaondoka nayo hivyo.

Wazee walivuka mto, Baba mbele. Wenzetu wa ng'ambo walizipokea nyayo. Zilikuwa zimepita kwao tu, zikatokea upande wa pili, zikaelekea Kahama. Vijiji viwili vikazifuata pamoja. Ng'ombe wachache walipatikana. Wengi walikuwa wameshaliwa huko kwenye machimbo ya dhahabu, mahali ambapo nyama haiulizwi imetoka wapi. Na mmoja wa wezi alikuwa mtu wa kijiji chetu, siyo wa ng'ambo. Mimi nimesema majina yote ninayo, na lake ninalo. Siliandiki. Alipokamatwa Baba alimfunika kwa mwili wake mpaka polisi wa Tinde wakafika, na Mzee Luhende, aliyekuwa na haki ya kurusha jiwe la kwanza kuliko mtu yeyote, alisimama upande wa pili wa Baba. Watoto wa mtu yule wako hai, na wengine wanasali.

Jilala alipona nusu. Aliishi, akaoa, lakini jina la baba yake alilikumbuka tena baada ya mavuno mawili. Siwadanganyi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Pamba yetu nusu ililiwa na vumbi.

Lakini ninachokijua ninakijua. Nimeishi hapa Geita kwenye dhahabu, nimeona vijana wakichomana visu kwa ajili ya duara moja, yaani shimo moja la mawe ya dhahabu, wote wawili wamebatizwa. Nimeona ndugu wakigombania shamba la mama yao kabla hajaoza. Wanasema amani ni ya wadhaifu. Mimi nililelewa na mwanamke aliyewasalimia waliomnyima chumvi, na hakuna mtu mwenye nguvu kama yule niliyewahi kumwona. Vita ya kwanza ya Mkristo iko hapa, kifuani, asubuhi, kabla hujatoka mlangoni. Ukishindwa hiyo, hizo nyingine zote unapigana ukiwa mateka. Na mikono ya Baba niliyoiona inatetemeka, sasa najua mtu anaweza kutetemeka na asirudi nyuma.

Limebaki jambo moja. Nilipoolewa nilikutana na mama mmoja kanisani, Limi, mzaliwa wa ng'ambo ya mto. Aliniambia kwamba asubuhi ile wanaume wao walikuwa wamejua tunakuja. Walikuwa wamelala kwenye matete tangu alfajiri, pinde zimevutwa, wakingoja wa kwanza avuke. Wakasikia kelele upande wetu, wakadhani ni ukelele wa vita. Mzee mmoja wao akasikiliza, akasema, hawa wanacheka, shusheni. Walipomwona Baba anashuka mchangani na mikono mitupu, pinde zilikuwa zimeshashushwa. Limi alikuwa mtoto kama mimi, na alisema baba yake alikuwa mmoja wa waliolala pale. Mimi sikuwepo upande ule. Kama yupo kati yenu aliyelala kwenye matete yale, au mtoto wake, na haikuwa hivyo, tafadhali anisahihishe. Hata kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Lakini kama ilikuwa hivyo, na aseme tu, kwa sauti kubwa, maana masikio yangu sasa yameanza kuziba kweli.